Binti kwa karatasi, bibi kwa nyumba
Barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga kuhusu ndoa na matunzo ya wagonjwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga. Kwa Waziri wa Afya wa jimbo. Kwa Mkaguzi wa Kazi. Kwa Burgumesta, wakubwa wa komine zote saba, yaani wilaya za mji wa Lubumbashi. Na kwa wakubwa wa migodi na wa makampuni yanayofanya kazi chini ya migodi.

Waheshimiwa,

Hodi kwenu. Nawaandikia nikiwa na soksi mbili mbili miguuni na mbabula ya makaa karibu na kiti. Baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua wenyewe. Mgeni anayedhani Kongo yote ni joto anajikuta soko la Kenya, komine ya hapa mjini, siku ya pili akibembeleza bei ya blanketi. Kwa watu wengi dawa ya baridi hii ni koti. Mimi ni SS, mgonjwa wa selimundu. Chembe zangu za damu hujikunja kama mundu na kukwama ndani ya mishipa, na baridi ikiibana mishipa hiyo, krizi ya maumivu haichelewi.

Wiki tatu zilizopita ilinishika saa nane za usiku, kwenye nyonga na mgongo. Bwana yangu alinibeba mpaka barabarani, akapata taksi, tukafika kliniki ambayo kampuni yake inalipia wafanyakazi na familia zao. Kijana wa dirishani aliandika jina la bwana, na namba yake ya kazi ikatokea. Akaandika langu. Akaliandika tena kwa kubadilisha herufi, kama mtu anayejaribu funguo mbili tatu kwenye kufuli moja. Kisha akashusha sauti:

"Mama, hauko kwenye mashini. Kwenye mashini, papa ni mseja."

Mseja mwenyewe alikuwa amenishika kwapani nisianguke, na begani alikuwa na mfuko wenye nepi za mtoto wetu, maana tulitoka mbio na mfuko uliokuwa mlangoni.

Walitaka pesa ya kuanzia. Hatukuwa nayo saa ile. Bwana akatoa simu yake. Kijana akafungua droo, na pamoja na maumivu yote niliona mle ndani simu nyingine nne au tano, kila moja imezungushiwa utepe na kikaratasi chenye jina. Ya kwetu, yenye kioo kilichopasuka, ikalala juu ya zile nyingine. Ndipo nikapata sindano. Jina la kliniki silitaji, wala la kampuni, kwa sababu sikuja kuwashitaki. Yule kijana alinisogezea kiti na kuniletea maji ya uvuguvugu bila kuombwa. Alifuata alichoandikiwa, nami nina neno kwa wanaoandika.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtunze mfanyakazi na familia yake wanapougua, daktari, dawa na kitanda, mpaka kontrati iishe. Ni sheria nzuri na watoto wengi wa mji huu wako hai kwa ajili yake. Lakini familia hapo ni watoto pamoja na bibi au bwana wa ndoa, na ndoa inayohesabiwa ni ile iliyofungwa etasivili, ofisi ya komine inayoandikisha ndoa, au ya kimila iliyokwisha kuandikwa kule. Mahari bila karatasi hayamwingizi mtu kwenye mashini.

Mtauliza kwa nini basi hatukuandikisha. Nitasema ukweli, hata kama unaniaibisha: tulificha kwa makusudi.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni kubwa hapa mjini na mimi nilikua kwa karte yake ya matibabu. Kila chupa ya damu niliyoongezewa, vidonge vya foliki vya kila asubuhi, hidroksiurea ya kupunguza krizi tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba, vyote vilipita kwenye namba yake ya kazi. Namba hiyo naijua kwa kichwa mpaka leo kuliko ya simu yangu. Mwaka 2017 bwana alipokuja kuposa, alikuwa anauza vipuri vya magari kando ya barabara, bila kontrati. Tulikwenda kupima pamoja. Yeye ni AA, damu isiyo na selimundu, kwa hiyo tulijua watoto wetu wote watakuwa AS, wa kuibeba bila kuugua, hakuna atakayelia usiku kama mimi. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha mama akatuketisha sebuleni, akafunga mlango.

Ofisi ya personeli ya baba ilikuwa na kanuni: binti akiolewa anafutwa. Amekuwa wa karte nyingine. Na mimi karte nyingine sikuwa nayo, kwa sababu vipuri vya kando ya barabara havina karte. Mama akasema, "Mfunge ya kimila. Kule komine msiguse kwanza."

Basi tukafunga ya kimila. Mbuzi wawili, suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi za shangazi, na bahasha ambayo wajomba waliihesabu mara mbili mbele ya watu. Wajomba walicheza mpaka asubuhi. Shangazi yangu, ambaye hana breki mdomoni, alinifunga kitambaa kichwani akacheka: "Sasa krizi zako ni za bwana." Kumbe bado zilikuwa za baba. Kwa miaka mitano nilikuwa binti kwa karatasi na bibi kwa nyumba. Nilipokwenda kuchukua dawa nilivua pete na kuitia kwenye soksi. Nilipopata mimba tulilipa wenyewe kila kitu, kwa kuogopa mtu wa personeli asije akauliza mimba ya nani. Na kwa sababu parokia yetu inataka etasivili kwanza, hatujabarikiwa, na komunyo sipokei hata leo. Wenzangu wa kwaya wanadhani nina dhambi kubwa. Ninayo, jina lake hidroksiurea.

Mwaka 2022 baba akaingia pensheni, na karte ikafa siku hiyohiyo. Bahati bwana alikuwa amekwisha kupata kazi ya udereva kwenye sutretansi, yaani kampuni ndogo inayobebea mgodi. Wale wa kwanza walikubali barua ya familia yenye sahihi za wazee wa pande zote mbili, na mimi nikaingia. Ndipo tukakwenda komine kutengeneza karatasi ya kweli. Wiki ya kwanza tuliambiwa bei moja, wiki ya pili bei nyingine, ya tatu afisa hakuwepo. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, lakini bei ya kuandikisha ndoa haikuwepo popote. Bwana analipwa kwa siku za kazi, na kila foleni ilimkata siku moja. Tukasema tutarudi. Mwezi wa nne mwaka huu mgodi ukabadilisha sutretansi. Madereva walewale, malori yaleyale, barabara ileile, lakini mafaili yakaanza upya, na hawa wapya hawataki barua ya wazee. Hivyo ndivyo bwana yangu alivyorudi kuwa mseja.

Mazoea haya yana miaka karibu mia katika mji huu. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1920 iliacha kuleta wanaume peke yao kwa muda mfupi na kuanza kuwakalisha kambini pamoja na wake zao. Bibi aliandikwa, akapata posho, akapata hospitali na nyumba ya kujifungulia. Asiyeandikwa hakuwa mtu wa kambi. Nkambo wangu, mama mzaa mama, alikuwa akituhadithia jinsi mwanamke alivyojulikana kwa namba ya bwana wake, mpaka wengine wakaitana kwa namba hizo kwa mzaha wakiwa bombani. Ukoloni ukaondoka, kampuni ikawa ya taifa, lakini namba ya bwana ikabaki mlango wa hospitali. Miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines, ndiyo hiyo kampuni ya taifa, waliondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari. Wanaume walihesabiwa, na malipo yao yanalalamikiwa mpaka leo. Ni nani aliyewahesabu akina mama wenye sukari na presha, na watoto wenye SS, waliotoka siku ileile bila kutia sahihi popote?

Mimi angalau nina bwana anayenibeba usiku. Kwenye foleni ya dawa nimekutana na wengine.

Kuna mama mwenye ugonjwa wa sukari, wa sindano mbili kwa siku. Bwana wake anampiga. Sote tunajua, kwa sababu miwani yake imebadilishwa mara mbili. Siku moja nilimuuliza kwa nini harudi kwao. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto, akafungua mfuko wa kitambaa, akanionyesha kichupa cha insulini: "Hii iko kwenye boni yake." Boni ni karatasi ya kampuni ya kuchukulia dawa. Hakusema zaidi, akafunga mfuko. Na akiachana naye kwa njia ya mahakama, siku hukumu inapotoka ndiyo siku boni inapokufa. Sheria haimzuii kuondoka, lakini yeye ameshapiga hesabu ya vichupa.

Kuna mjane ambaye bwana wake alizikwa Jumamosi, na Jumatatu alipokwenda kuchukua dawa ya presha akaambiwa kontrati imekwisha. Imekwisha kweli, kwa maana sheria inasema mpaka mwisho wa kontrati na kifo ni mwisho. Kampuni ilitoa jeneza na basi la kwenda makaburini, naye hawalaumu. Anachouliza ni kama presha nayo ilizikwa.

Kuna baba mmoja, na huyu nimtaje ili msidhani ni kilio cha wanawake tu. Figo zake zimechoka, anayefanya kazi ni bibi yake. Ofisi ya bibi imemtaka alete uthibitisho kwamba bwana wake hana kazi. Sheria ilisema bibi au bwana, bila kumtofautisha mmoja na mwenzake. Lakini karani hawezi kuamini kwamba mwanaume anaweza kulala juu ya karte ya mwanamke. Karatasi ya kutokuwa na kazi inatolewa wapi? Wamezunguka mwezi mzima wakiitafuta.

Ya mabibi wa pili siyasemi sana. Sheria ya familia haiwatambui, ingawa watoto wao wanahesabiwa. Mtoto anatibiwa malaria, mama yake anasubiri nje na pumu yake.

Na kuna wasiopata kuolewa kabisa. Siku hizi vijana wanapimana damu kabla ya posa, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. AS wawili wakioana, kila mimba ina robo ya nafasi ya kuzaa SS. Nisingependa mtoto yeyote apitie usiku wangu. Lakini kipimo kimepata kazi nyingine. Rafiki yangu mmoja, SS kama mimi, aliposwa na kijana AA, hakuna hatari yoyote kwa watoto. Mama wa kijana akasema, "Huyu atamaliza boni zote, na kontrati ya mwanangu haitarudiwa." Posa ikavunjika kwa boni, si kwa damu. Na mimi simwoni yule mama kuwa mchawi. Vijana wa sutretansi wana kontrati za miezi, wanajua kuna mkubwa anayeangalia nani anakula sana kliniki.

Katiba yetu ya 2006 ina kifungu cha 40 kinachompa kila mtu haki ya kuoa au kuolewa na anayemchagua, na cha 47 kinachosema haki ya afya inalindwa. Vimepishana vifungu saba tu. Kwetu wagonjwa, ukikishika kimoja kingine kinaponyoka.

Na msiniambie haiwezekani kuwa vingine, kwa sababu tayari ni vingine, ndani ya ua uleule wa hospitali. Mgonjwa wa kifua kikuu anapata dawa bure. Mwenye virusi vya ukimwi anapata zake bure. Nimesimama kwenye korido nikitazama dirisha lao. Wanaulizwa jina, wanaangaliwa kikaratasi chao, wanapewa dawa, na hakuna anayewauliza bwana wako ni nani, mahari yalilipwa lini, karatasi iko wapi. Dawa ni ya anayeugua. Mpango wa kujifungua bure, ule wa huduma ya afya kwa wote uliofunguliwa Kinshasa mwezi wa tisa 2023, nao unaanza na tumbo la mama, na pete haiingii kwenye hesabu. Basi sikuja na wazo la kigeni. Naomba dirisha letu nalo lifunguliwe kama lile lao.

Kwenu Mheshimiwa Gavana na Mheshimiwa Waziri wa Afya: hidroksiurea, insulini, dawa za presha na za kifafa ziingizwe katika mpango wa huduma kwa wote katika jimbo hili, na kila mgonjwa apewe kijitabu chenye jina lake mwenyewe. Lake, si la baba wala la bwana. Akiolewa, akiachika, akifiwa, kijitabu kibaki mkononi mwake. Mwajiri mwenye wajibu aendelee kulipa sehemu yake kwenye kijitabu hicho wakati kontrati ipo, na isipokuwepo mfuko wa jimbo ushike. Pesa? Kodi ya madini, ile redevansi, kwa sheria ya 2018 inaleta asilimia 25 kwenye jimbo na asilimia 15 kwa serikali za chini pale mgodi ulipo. Malori yanayopita usiku, mojawapo likiendeshwa na bwana yangu, hayabebi mchanga wa kujengea. Siombi hospitali ya ghorofa. Vidonge vyangu vya mwezi vinaingia kwenye kiganja.

Kwenu Mheshimiwa Mkaguzi wa Kazi, nina jambo ambalo halihitaji bunge. Waandikieni waajiri kwamba sutretansi ikibadilishwa, faili la wagonjwa wa kudumu linahama na wafanyakazi kama lilivyo. Kwamba ndoa ya kimila inayosubiri karatasi ikubaliwe kwa muda kwa barua ya familia na ya shefu wa mtaa, tuseme miezi sita. Na kwamba binti anapoolewa, ndoa inapovunjika au mfanyakazi anapofariki, mgonjwa apewe miezi sita hiyohiyo kabla ya kufutwa, apate kujipanga. Mtu mwenye sukari hawezi kujipanga kati ya Jumamosi na Jumatatu.

Wakubwa wa makampuni, najua mtakalosema: watu watadanganya, kila dereva ataleta mabibi watatu. Mimi nimewaeleza kwamba nilidanganya miaka mitano, na nilidanganya kwa kujifanya sijaolewa. Kanuni yenu ya leo ndiyo iliyonifundisha. Mtu akiwa na kijitabu chake mwenyewe, hana faida ya kujifanya binti wala bibi.

Na ninyi Burgumesta wetu, kwenu ni rahisi kuliko wote: bandikeni bei. Kwenye ubao, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo nkambo wangu angeweza kuzisoma bila miwani. Na Jumamosi moja kwa mwezi afisa wa etasivili atoke na kitabu chake aje mtaani, kama chanjo za watoto zinavyokuja. Ndoa za kimila zisizoandikwa hazina idadi mitaani kwetu, na wengi wa waliozifunga hawajaficha kitu. Wamekosa siku moja isiyokatwa mshahara.

Simu ya bwana tuliikomboa siku ya nne. Yule kijana wa dirishani alikuwa ameichaji.

Faili letu sasa liko komine. Wametuambia turudi Alhamisi na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Kwa upande wangu anakuja yule shangazi, nami nimemwomba aseme majina tu na kuacha mizaha. Tutakuwa mlangoni tangu saa mbili asubuhi. Bwana ameshakubali kukatwa siku.

Wenu kwa heshima,

Mama wa mtoto mmoja, mgonjwa wa SS,
Lubumbashi